Sekunde Kumi na Moja

Juma moja kabla ya kufa, Kibett, mwenzangu wa chuoni, aliniuliza swali ambalo limeninyima raha mpaka leo. Alikuwa amelala kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake Kiamunyi, kwa sababu alikataa kabisa kufia hospitali, na binti yake alikuwa ametuletea chai na viazi vitamu kisha akatuacha peke yetu. Mkono wake wa kulia, ule uliokuwa ukishika mpira mzima kama mtu anavyoshika chungwa, ulikuwa umebaki mifupa. Tulizungumza habari za magoti, za wajukuu, za mvua iliyokataa kunyesha. Halafu akanitazama sana, akasema, "Zakayo, sasa niambie ukweli. Siku ile ya vumbi, ni wewe ulikuwa unadunda mpira?"

Nilimwambia mimi nilikuwa nimeketi mezani, na saa mkononi. Miaka yote hii nilijua ni yeye.

"Si mimi," alisema. "Nilikuwa nimesimama tu, macho nimefunga. Nilijua umeacha meza ukaingia."

Chai yetu ikaweka ngozi juu. Jumamosi baada ya kifo chake tulimzika, na nikiwa nimesimama kaburini nilijaribu kuwahesabu wale waliokuwa uwanjani alasiri ile, nikaona sijui mwingine aliye hai. Ndiyo maana nimeamua kuuandika mwaka ule, kabla sijaanza kuukumbuka vibaya.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwakamata Wakikuyu, na mimi nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu kilichokuwa juu ya mji wa Nakuru, kwenye mteremko wa Menengai. Ukisimama mlangoni mwa bwalo letu la chakula ulikuwa unaona mji wote chini, mabati ya stesheni yaking'aa, na nyuma yake ziwa. Lakini mwaka ule hapakuwa na ziwa. Maji yalikuwa yamekauka, flamingo wakaenda zao, na mahali pao palibaki uwanda mweupe wa magadi kama nguo iliyoanikwa na mtu akaisahau. Kila siku, kuanzia saa tisa alasiri, upepo ulishika huo weupe ukauinua. Tulikuwa tunauona ukija. Kwanza ulisimama juu ya ziwa kama ukuta, halafu ukaingia mjini, stesheni ikapotea, mnara wa kanisa ukapotea, na baada ya hapo ukaanza kupanda kwetu. Ulipofika, jua liligeuka rangi ya maziwa na kila kitu kikanyamaza. Ugali ulikuwa mchungu. Maharagwe yalikuwa machungu. Tulikuwa tukiamka asubuhi na kope zimeshikana, na wenzetu waliokuwa weusi kama makaa walitoka bwenini weupe, wakicheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa cha kufurahi sana.

Nyuma ya chuo, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, ndipo ulipokuwa mdomo wa Menengai, lile shimo kubwa ambalo ukichungulia unaona msitu chini na mvuke ukitoka kwenye mawe. Mpishi wetu, Mzee Cheruiyot, hakupenda tuende huko. Siku moja nilikuwa nikioga nyuma ya jikoni nikamsikia akimsimulia mtu wa kuleta maziwa. Alisema kijana wa kwao, mtu wa kurina asali, aliteremka mle asubuhi, akatembea, akaona jua limesogea kidogo tu, akapanda kurudi nyumbani na asali yake. Akakuta watu wamenyolewa nywele za matanga. "Siku nne," Mzee Cheruiyot alisema. "Yeye anasema ni asubuhi moja. Na mwenge wake wa kufukizia nyuki ulikuwa bado unawaka." Yule wa maziwa hakucheka. Nilimsikia tu akifunika debe lake.

Mpira wa kikapu tuliletewa na mwalimu wetu wa hesabu, Mmarekani mrefu aliyeitwa Bwana Whitcomb. Alituwekea mbao za msandarusi kwenye nguzo mbili, fundi mmoja wa vyuma akatufulia pete, na uwanja tukaushindilia wenyewe kwa udongo mwekundu wa murramu na majivu. Yule mwalimu tulimwita Bwana Sekunde. Wakati ule mchezo ulikuwa na vipindi viwili vya dakika ishirini, na hapakuwa na sheria ya kukulazimisha kurusha mpira upesi. Ukiwa na mpira ulikuwa na mpira, hata dakika nzima. Bwana Whitcomb aliamini timu hushinda au hushindwa mwishoni mwa kipindi cha kwanza, wakati watu wameanza kufikiria maji ya kunywa. Jioni, baada ya chakula, alipanga punje za maharagwe juu ya meza, tano huku na tano kule, akazisukuma kwa kidole na kutufundisha kwa Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Dakika mbili zimebaki," alisema. "Mimi nina mpira, nimeongoza. Mimi nataka nini?"

"Saa itembee," tulijibu.

"Ndiyo. Mimi nakaa na mpira. Napitisha, napitisha. Sekunde kumi, naanza kwenda. Sekunde nne, narusha. Ikiingia, wewe hapana muda ya kujibu. Sasa, mimi niko nyuma, mimi nataka nini?"

"Saa isimame."

"Namna gani?"

Na sisi tukahesabu njia zote: kutoa mpira nje, kufanya faulo, kuomba taimauti ya kushauriana, kufunga kamba ya kiatu wakati refa ameshika mpira. Alitwambia dakika mbili hizo zinaweza kumalizika mtu akipiga chafya, na zinaweza kukaa mpaka chakula kiive. Tulidhani anafundisha mpira.

Mwenye kupewa mpira mwishoni mwa kipindi alikuwa Shadraki Wanyoike. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu, chini ya dirisha, na kila siku kabla ya kulala aliikunjua karatasi yake ya ruhusa, akaisoma, akairudisha ndani ya Biblia. Mkikuyu bila karatasi ile hakuweza kufika hata posta. Mama yake alifanya kazi kwenye shamba la mzungu upande wa Bahati, na walikuwa hawajaonana mwaka mzima. Alikuwa mpole, mwembamba, hapendi kelele. Lakini alikuwa na jambo moja lililotuogopesha kidogo. Alijua muda. Tulimjaribu bwaloni mara nyingi: mimi nilificha saa ya michezo chini ya meza, nikaibonyeza ikaanza, na yeye akaendelea kula, akaomba chumvi, akabishana na Kibett habari za mahubiri, kisha katikati ya sentensi akasema, "Dakika tatu." Nikitazama, mshale ulikuwa pale pale. Nilimuuliza anafanyaje. Akasema, "Kuna mtu ananihesabia." Nikamuuliza ni nani. Akatabasamu, akasema hajawahi kugeuka kumwangalia.

Mimi pia nilikuwa mchezaji mpaka nilipovunjika goti mwezi wa tatu. Baada ya hapo Bwana Whitcomb alinipa saa, akaniketisha mezani pembeni mwa uwanja, na kipande cha reli kikaning'inizwa karibu yangu ili nigonge kipindi kinapokwisha. Wachezaji hawakuweza kuiona saa. Walikuwa wakiniuliza kwa sauti, na nilichosema mimi kilikuwa sheria.

Mwezi wa tisa walikuja wenzetu wa chuo kimoja cha Nyanza, walikuja kwa treni, na kapteni wao alikuwa mtu mnene mwenye mbio za ajabu, jina lake Odera. Chuo kizima kilikuwa kimeketi kwenye nyasi. Refa alikuwa karani mmoja Mgoa wa reli, mtu wa haki, suruali yake nyeupe imepigwa pasi. Tulianza saa nane na nusu. Tulikuwa tumeongoza kwa pointi tatu, zimebaki kama dakika nne za kipindi cha kwanza, niliposikia lori likipanda. Likasimama mbele ya mabweni. Wakashuka askari na afisa mmoja mzungu, mdogo kuliko baadhi yetu. Wakaingia bwenini, wakatoka na wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, Wakikuyu wote, wakawapandisha. Kisha wakaja uwanjani.

Bwana Whitcomb alikwenda kumlaki. Walizungumza kwa Kiingereza karibu na meza yangu, nikasikia vyote. Afisa alikuwa na karatasi, na jina la tatu lilikuwa la Wanyoike.

"Yule pale anayecheza," afisa alisema. "Simamisha."

"Kuna wageni hapa," Bwana Whitcomb akamjibu. "Kuna wanafunzi mia mbili. Ukiingia katikati sijui watafanya nini. Ngoja mapumziko. Ni dakika mbili."

Afisa aliutazama umati, akawatazama askari wake sita, akawasha sigara. "Dakika mbili," alisema.

Bwana Whitcomb akanijia. Uso wake ulikuwa umetulia, lakini shingo ilikuwa nyekundu. "Zakayo, zimebaki ngapi?"

"Mbili na sekunde nne."

Alitazama chini, upande wa ziwa, na mimi nikatazama. Ukuta mweupe ulikuwa umeshainuka. Akasema kwa Kiswahili, polepole, "Mpira ukitoka, saa inasimama. Wewe unajua sheria." Kisha akaenda kusimama karibu na afisa, mikono nyuma.

Kibett aliomba taimauti. Sikumwita mimi, alikuwa ameliona lori mwenyewe. Walikutana mbele ya meza yangu, watu watano wenye jasho, nikawaambia kwa sauti ya chini, "Wanamtaka Shadraki. Kipindi kikiisha."

Wanyoike alitazama ziwa kama alivyofanya mwalimu, midomo yake ikacheza kidogo. Akasema, "Vumbi litafika hapa baada ya dakika ishirini na mbili."

"Na sisi tuna mbili," nilisema.

"Basi tuziongeze," Kibett akasema. "Si tumefundishwa?"

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Mpira uliingizwa, Kibett akaudunda mara mbili, akautupa nje. Saa ikasimama kwenye mbili kamili. Wa Nyanza wakaingiza, kijana wetu mmoja akamshika Odera mkono, faulo. Mitupo ya adhabu, na katika mtupo wa pili mpira ukaruka mpaka kwenye majani ya maboga ya jikoni, na aliyekwenda kuutafuta akachechemea njia nzima. Tukaomba taimauti nyingine. Kamba ya kiatu. Mtu ameingiwa na kitu jichoni. Odera alikasirika, akamwambia refa, "Hawa watu wanacheza nini? Wameongoza, kwa nini wanasimamisha saa?" Kisha akageuka kufuata macho ya Kibett, akaona lori, akaona vichwa viwili ndani yake, akaona askari. Akauweka mpira kiunoni.

"Refa," akasema, "na sisi tunaomba taimauti."

Tangu hapo timu mbili zilikuwa timu moja. Mpira ulitoka nje kushoto, ukatoka nje kulia. Umati ulikuwa ukishangilia mwanzoni, halafu ukaelewa, na kelele zikafa moja baada ya nyingine mpaka pakabaki filimbi na viatu. Watu mia mbili wameketi juani bila sauti. Refa alikuwa anatokwa jasho, lakini kila kosa aliloliona lilikuwa kosa kweli, kwa hiyo alipuliza. Chini, stesheni ilikuwa imepotea. Kisha mnara wa kanisa. Afisa aliniuliza, "Bado?" Nikamwonyesha saa: sekunde hamsini na tatu. Akatazama yake ya mkononi, akatupa sigara ya tatu.

Mpaka hapo sikuwa nimedanganya. Nilianza kudanganya zilipobaki sekunde thelathini. Mpira uliingizwa na kidole changu hakikubonyeza. Wakapitisha, wakapitisha, mshale umelala, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na, nafikiri, Wanyoike, kwa sababu alinitazama mara moja kutoka ng'ambo ya uwanja kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa ndani ya nyumba. Yule aliyekuwa akimhesabia hakudanganywa. Baadaye nikabonyeza kidogo, nikasimamisha tena, ili afisa aone inatembea. Zilipobaki sekunde kumi na moja mpira ulitoka upande wa nyuma, chini ya pete ya upande wa mlima, karibu na njia ya kwenda Menengai. Wanyoike akaenda kuuingiza. Nilisikia harufu ya magadi, nikahisi uchungu kwenye ulimi, na vumbi likatufunika.

Sijaona tena vumbi kama lile. Sikuweza kuuona mkono wangu mwenyewe mbele ya macho. Filimbi ya refa ililia mara moja, kama iko chini ya maji. Askari mmoja akapiga kelele. Kisha nikausikia mpira. Du. Du. Du. Ulikuwa unadundwa polepole, mahali pamoja, katikati ya uwanja, vile Wanyoike alivyoudunda alipokuwa akingoja sekunde za mwisho, mdundo mmoja kwa sekunde. Nilianza kuuhesabu bila kutaka. Nilifika sitini. Nilifika mia mbili. Nilifika mia tano na kitu, nikapoteza hesabu kwa sababu nilianza kulia, na mpira bado ulikuwa unadundwa, bila kuharakisha, bila kukosea. Afisa alidhani mchezo unaendelea, na nadhani ndiyo maana hakuvuka mstari. Hata sisi tulidhani hivyo.

Upepo ulipopungua, mpira ulikuwa umelala katikati ya duara. Hakuna aliyekuwa karibu nao. Wachezaji walikuwa wamesimama mbalimbali, weupe kama watu wa unga, na nilipowahesabu walikuwa tisa.

Afisa alinipokonya saa. Alitazama, akatazama yake. "Sekunde kumi na moja," alisema. "Nimesimama hapa dakika arobaini." Hakunipiga. Nilitamani anipige, kwa vile alivyoniangalia, kama mtu anayeanza kuogopa na hajui ni nini. Wakaleta mbwa kabla ya jua kushuka. Mbwa walifuata njia mpaka mdomo wa Menengai, wakaketi pale, wakakataa kuteremka.

Mimi na Kibett tulihojiwa siku tatu katika ofisi iliyokuwa na dirisha moja na kalenda ya mwaka uliopita. Nilisema sheria ni sheria, mpira ukitoka saa inasimama. Bwana Whitcomb alirudishwa kwao kabla ya mwezi kwisha, na pete za kikapu zikakatwa kwa msumeno. Kuhusu Wanyoike, habari ilikuja moja tu. Mchunga mbuzi mmoja wa upande wa Solai alimwambia Mzee Cheruiyot, na Mzee Cheruiyot akaniambia mimi, amenivuta nyuma ya jikoni, kwamba siku ya pili baada ya mchezo aliona mtu mle ndani ya shimo, msituni, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, anatembea katikati ya mvuke. Alimwita. Mtu yule hakuitika, alikuwa akihesabu kwa sauti.

Ninalopaswa kusema, na ambalo Kibett hakupenda tuliseme, ni hili. Wale wanafunzi wawili wa ndani ya lori walirudi. Mmoja alikaa kizuizini miaka mitatu, mwingine minne, na walipata shida zilizowazeesha, lakini walirudi. Mmoja alikuwa mwalimu mkuu, nimehudhuria arusi za watoto wake. Uhuru ulipokuja, na watu wakatoka msituni na kambini, kila lori lililosimama Nakuru nililitazama. Wanyoike hakurudi. Huwa najiuliza tulimwokoa au tulimsukuma shimoni, na kila nikijiuliza najibu tofauti.

Mama yake alikuja Desemba ya mwaka ule ule, chuo kilipokuwa kinafungwa. Alikuwa amepata karatasi ya siku moja tu kutoka Bahati. Nilimpeleka bwenini, nikamtolea sanduku la mwanawe kutoka chini ya kitanda. Alilifungua, akanusa shati, akalifunga tena. Alikuwa mama mfupi, masikio yametobolewa, miguu imejaa vumbi la njiani. Niliogopa ataniuliza kama yuko hai.

"Wewe ulikuwako?" aliniuliza.

"Nilikuwako, mama."

"Alitoka akikimbia, ama akitembea?"

"Akitembea," nilisema. "Polepole. Hakuwa na haraka."

Alinitazama, akatikisa kichwa kukubali, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo. "Basi hakuogopa," alisema. Akaufunga mkanda wa sanduku kichwani, akakataa nimsaidie, akateremka barabara kuelekea mjini. Nilibaki mlangoni mpaka akapotea. Sikuwa nimeona kitu. Vumbi lilikuwa limetufunika sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwona akiondoka.